Maili za Mjini

Ypsilanti, 9 Februari 2016

Mdogo wangu Aune,

Mkate wako wa iliki umefika, ila posta wameukausha mpaka jirani yangu akauliza kama nimeagiza tofali. Niliuchovya kwenye kahawa nikaumaliza, kwa hiyo usinune.

Unaniuliza kama nilikupa gari bovu. Unasema nilikuapia kwamba galoni moja ingekufikisha maili hamsini, na sasa halifiki hata arobaini. Dada, unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Tulikuwa tunaweka gari juu ya magurudumu ya chuma, ndani ya chumba chenye joto la kupendeza, tunaliendesha bila kwenda popote na kupima limekula petroli kiasi gani. Ile namba inayobandikwa kwenye kioo cha gari jipya inatoka kwenye chumba kama kile. Mle ndani hakuna theluji wala upepo wa ziwani. Hakuna pia mjane wa Hancock anayewasha heta mpaka mwisho na kuiacha injini ingurume huku akikwangua barafu kwenye kioo. Barabarani mambo huwa mengine, na sijawahi kumwambia mtu vinginevyo.

Lakini gari la mseto nilikuchagulia kwa makusudi. Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Kila ukikanyaga breki, nguvu ambayo gari jingine huitupa, hili huirudisha kwenye betri, na ukiondoka tena linakusukuma kwa umeme huo huo. Kanisani, dukani, mazoezi ya kwaya: unasimama, unaondoka, unasimama tena. Hizo ni maili za mjini, na gari hili linazipenda. Tatizo lako ni baridi tu. Betri ikipoa inakuwa mvivu, na injini inalazimika kuwaka ili wewe upate joto. Pima upepo wa tairi. Washa joto la kiti kabla ya kugusa heta. Halafu kila mwisho wa mwezi nisomee ile namba ya maili kwa galoni kwenye dashibodi. Huwa inajipendekeza kidogo, lakini nitaipunguza mwenyewe.

Mwezi uliopita ulikuwa mwezi wa Kalle. Sikukuandikia. Sikuwa na la kuandika.

Kakako,
Reino


Hancock, 3 Machi 2016

Kaka Reino,

Nimejaza upepo tairi zote nne. Jirani yangu Lempi alikuwa dirishani kwake akinitazama nimepiga magoti kwenye theluji, akafungua dirisha akasema, "Aune, gari hilo unalibembeleza kuliko ulivyombembeleza marehemu mumeo." Nikamwambia marehemu hakuhitaji kujazwa upepo, alikuwa nao wa kutosha. Alicheka mpaka akafunga dirisha.

Namba ni thelathini na nane. Nimeisoma na miwani na bila miwani.

Ninakokwenda ni kule kule unakokujua. Kanisani, dukani, kwaya. Mji wetu una milima, labda ni hilo.

Kuhusu mwezi wa Kalle, wewe hukuandika na mimi sikuandika. Niliwasha sauna, nikakaa humo peke yangu mpaka mawe yakapoa. Miaka miwili tangu nimzike mwanangu, na bado nikisikia pikapu ikipanda kilima chetu huwa nainuka kwenda kuweka sufuria jikoni.

Ningekupigia simu, lakini siku hizi husikii vizuri, mara ya mwisho nilikuambia paka amekufa ukanipongeza. Basi tuendelee na barua.

Dada yako,
Aune


Ypsilanti, 6 Juni 2016

Mdogo wangu Aune,

Sikuelewi, au tuseme silielewi gari lako. Machi nililaumu baridi, na Aprili nikailaumu tena kwa sababu najua Aprili ya huko kwenu. Lakini Mei yote mmekuwa na jua, miti imechipua, heta imezimwa, na wewe unaniandikia arobaini na nne. Kwa safari zako ilipaswa iwe imevuka hamsini bila mtu kuisukuma. Nimewaona madereva wa kila aina, wazembe na wenye haraka, na hakuna aliyewahi kuendesha gari hilo mjini wakati wa joto akapata namba hiyo.

Nataka ufanye mambo machache. Fungua buti uone kama ile mifuko ya mchanga ya majira ya baridi bado imo. Ukishuka baada ya safari, weka kiganja karibu na kila gurudumu: kama moja lina joto kuliko mengine, breki yake inakwama. Kisha lipeleke gereji kwa Onni, umwambie nimesema asiangalie kwa macho tu, alinyanyue.

Natambua kwamba namsumbua mtu kwa maili chache. Nivumilie. Nikiwa na jambo la kutafuta, siku zangu hupita vizuri zaidi.

Kakako,
Reino


Hancock, 18 Julai 2016

Kaka Reino,

Mchanga nimeutoa, nikaumwaga kwenye njia ya nyuma ambako Lempi huteleza. Magurudumu yote yana joto sawa. Onni alilinyanyua gari akalizunguka kama daktari wa ng'ombe, akasema, "Bibi, hili lina afya kukushinda wewe." Alibadilisha oili, ya pili hii tangu Pasaka, akakataa kunitoza kwa ukaguzi kwa kuwa hakuona cha kukagua.

Namba ni arobaini na tano. Imepanda, unaona. Tukiendelea hivi tutafika.

Mabluberi yameanza kuiva mapema. Nikichuma ya kutosha nitakutengenezea jamu, ila hiyo sitaiweka posta. Uje uichukue mwenyewe. Una miaka mingapi hujavuka daraja kubwa kuja huku? Tangu mwaka ule wa mazishi, kaka.

Dada yako,
Aune


Ypsilanti, 5 Agosti 2016

Aune,

Barua yako nimeikalia zaidi ya juma moja kabla ya kujibu.

Onni ni mtu wa kizamani, hubadilisha oili kila baada ya maili elfu tatu. Wewe umebadilisha mara mbili tangu Pasaka. Kwa kanisa na duka na kwaya, mtu wa Hancock hawezi kumaliza maili elfu tatu hata kwa mwaka mzima. Na ile namba yako, arobaini na nne, arobaini na tano, sasa naijua ni namba ya nini. Ni ya barabara kuu. Ukienda kwa kasi njia nzima hukanyagi breki, kwa hiyo hakuna kinachorudi kwenye betri. Injini peke yake inapigana na upepo mwanzo mpaka mwisho. Gari halina kasoro yoyote. Ni mimi niliyekuwa natafuta ubovu kwenye gari wakati jibu liko kwa dereva.

Unakwenda mbali, Aune, na unakwenda mara nyingi. Na huko kwenu, mtu wa umri wetu akiendesha mbali kila mara bila kumwambia nduguye, huwa anakwenda kwenye ile hospitali kubwa ya Marquette.

Mama alituambia anakwenda kushona na wenzake. Tulipojua alikuwa tayari hawezi kupanda ngazi. Mimi nilikuwa huku na kazi zangu, nikaja kumzika.

Kama ni ugonjwa, niambie ni wa nini na umefikia wapi. Nitafunga nyumba nije. Usinifiche ili kunihurumia. Sitaki kuhurumiwa, nataka kujua.

Kakako,
Reino


Hancock, 11 Agosti 2016

Kaka Reino,

Siumwi. Lisome hilo kwanza, vuta pumzi, kisha uendelee. Sina uvimbe popote, na damu yangu Juni ilikuwa safi. Imeniuma kwamba nimekuacha uwaze habari za Mama.

Ninakokwenda ni gerezani. Ni upande huo huo wa Marquette, hapo umepatia. Kila Jumamosi tangu vuli iliyopita nakwenda kumwona Wade Brusseau.

Najua umeiweka barua mezani. Ichukue tena, nakuomba.

Sikwenda kumsamehe. Mchungaji alipojua, uso wake uling'aa, nikamwambia asinitangulie, mimi mwenyewe sijafika huko. Nilikwenda kwa sababu Wade ndiye aliyekuwa na Kalle. Kwamba alikuwa amelewa alipoigonga pikapu ya mwanangu, alikiri mwenyewe mahakamani, mimi na wewe tumekaa benchi moja. Lakini hakukimbia. Alimtoa Kalle kwenye yale mabati, akakaa naye kwenye theluji, amemfunika kwa koti lake, mpaka gari la wagonjwa likafika, na unakumbuka lilivyochelewa kwa sababu ya tufani. Mimi niliyemzaa sikuwepo. Wewe uliyempenda kama wako hukuwepo. Yule alikuwepo. Nilitaka kujua kama mwanangu alisema chochote. Nilijaribu kuishi bila kujua, nikashindwa.

Mara ya kwanza hakuweza kufungua mdomo. Alitazama meza mpaka askari akasema muda umekwisha. Nikarudi Jumamosi iliyofuata. Tukazungumza habari za supu ya gerezani. Iliyofuata, habari za mama yake, ambaye aliacha kuja. Karibu na Krismasi akaniambia, "Mama, usimalize petroli yako kwa ajili yangu." Nikamwambia, "Petroli ni yangu, kijana. Wewe shughulika na yaliyo yako." Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, kisha akajishika mdomo kama mtu aliyeiba.

Bado hajaniambia nililolifuata. Simharakishi. Naona analitafutia njia.

Kwa nini nilikuficha, unajua. Mimi na wewe hatuna mazungumzo mengine zaidi ya gari hili. Ningetaja barabara, ungeuliza ya kwenda wapi. Ningeweza kukuandikia hamsini na mbili kila mwezi, ukafurahi, ukanyamaza. Mahali ninakokwenda niliweza kukudanganya. Namba sikuweza, sijui kwa nini. Labda nilitaka unikamate.

Dada yako,
Aune


Ypsilanti, 2 Septemba 2016

Aune,

Nimesoma yote.

Gari nilikupa ili usitembee kwa miguu kwenye barafu kwenda kanisani. Sikukupa ili uende kumpa kampani mtu aliyemuua Kalle, na kumchekesha.

Nashukuru kwamba huumwi. Usinitumie tena namba.

Reino


Hancock, 23 Oktoba 2016

Kaka Reino,

Namba sitakutumia. Lakini hili siwezi kukaa nalo peke yangu.

Jana Wade aliniambia nililolifuata. Hakukuwa na dalili. Tulikuwa tunazungumza kuhusu meli ya madini iliyokwama ziwani, mara akasema, "Alisema nizime taa."

"Taa zipi?"

"Za gari, mama. Za ile pikapu. Bado zilikuwa zinawaka. Aliniambia, zizime, betri itakwisha. Aliniambia mara mbili. Hakusema kingine cha kueleweka."

Kaka, nilicheka. Mbele ya askari, mbele ya wanawake wengine na watoto wao, nilicheka kwa sauti mpaka wakageuka. Halafu nikalia hivyo hivyo, sikujua kimoja kiliishia wapi na kingine kikaanzia wapi. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ameita mama. Nilikuwa nimejiandaa pia kusikia hakusema lolote. Sikujiandaa kumsikia Kalle mwenyewe, akigombana na mtu juu ya taa.

Wewe ndiye uliyemtia maneno hayo mdomoni. Kila kiangazi alichokaa kwako, tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Zima taa, betri itakwisha. Alikuwa ananigombeza hata mimi kwa maneno hayo hayo, na sauti aliiga ya kwako.

Nimekuandikia kwa sababu nusu ya jambo hili ni yako. Ukilitupa, shauri yako, lakini nimekupa.

Dada yako,
Aune


Hancock, 14 Desemba 2016

Kaka Reino,

Hujajibu, na sikuulizi kwa nini. Nakutakia Krismasi njema. Mkate nimeufunga kwenye karatasi ya nta safari hii, labda utafika ukiwa mkate.

Kuna jambo unapaswa kulijua kutoka kwangu. Wade amefikia muda wa kuitwa mbele ya baraza linaloamua nani atoke kabla ya kumaliza kifungo. Ni Februari. Wameniuliza kama nitasema kitu. Nimewajibu nitakuja.

Lempi anakusalimu. Ameteleza kwenye njia ile ile niliyoimwagia mchanga, hakuvunjika kitu isipokuwa heshima yake.

Dada yako,
Aune


Ypsilanti, 10 Januari 2017

Aune,

Baraza wamenipa taarifa na mimi pia, kwa kuwa jina langu limo kwenye faili la familia. Nimewaandikia kwamba abaki ndani. Niliandika kurasa sita. Nakuambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa mara ya kwanza ukiwa umekaa mbele yao.

Barua zako mbili nimezipata. Ile ya Oktoba nimeisoma zaidi ya mara moja. Haijanigeuza.

Mkate ulifika vizuri. Ahsante.

Reino


Hancock, 4 Machi 2017

Reino,

Wamekataa. Atabaki, na hawatamwita tena mpaka mwaka kesho kutwa.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu hukuja, na nadhani unapaswa kujua maneno yako yalifanya nini yalipofika. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, watu wa heshima. Mwanamke aliniuliza, "Mama Hiltunen, unataka aachiliwe?" Nikamwambia sijui kama neno ni kutaka. Nikamwambia mtoto wangu harudi hata wakimfunga huyu mpaka azeeke, na kwamba mimi ningependa, kabla sijafa, kumwona anafanya kazi yoyote ya halali kwa mikono ile iliyomfunika Kalle. Nilisema vibaya, nilikwama njiani, nikarudia. Wakanishukuru.

Kisha wakasoma barua yako. Waliisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa.

Sikujua kwamba Kalle alikuwa anakupigia kila Jumapili. Sikujua kwamba ulipofiwa na mkeo Martha alipanda basi usiku kucha akakaa kwako mwezi mzima, akikupikia mayai kwa sababu hakujua kupika kitu kingine. Mimi aliniambia amepata kibarua huko kusini kwenu. Sikujua kwamba mlikuwa na mpango wa kufungua gereji ndogo hapa Hancock, na kwamba jina alishalichagua. Nilimwona mwanangu ndani ya barua ile kuliko nilivyomwona kwenye chochote nilichosema mimi, au mchungaji, au picha zote za ukutani. Yule mwanamume alivua miwani. Walipomaliza kusoma, nilijua wameshaamua, na ningekuwa mimi ningeamua hivyo hivyo.

Wade alikuwa amekaa upande wa pili. Walipomuuliza kama ana la kusema, alisema, "Mjomba wake ana haki." Basi.

Sikukasirikii kwa kumpinga. Ulisema unachoamini, na ulinionya kabla. Nakukasirikia kwa kuwa ulikuwa na hayo yote kifuani, na miaka mitatu hii umeniandikia habari za upepo wa tairi. Watu wawili wasiokujua wewe wala kumjua yeye umewapa kurasa sita za Kalle. Mimi mama yake ulinipa heta na mifuko ya mchanga. Nilikuwa hapa, Reino. Nilikuwa nakaa kwenye sauna peke yangu nikidhani nimebaki na mtu mmoja tu wa kumkumbuka naye, na mtu huyo hataki.

Jumamosi nakwenda kama kawaida.

Aune


Ypsilanti, 21 Mei 2017

Mdogo wangu Aune,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa utetezi, na nilikichana. Unayoyasema ni kweli. Nilipojaribu kukuandikia kuhusu Kalle mkono ulikataa. Kwa wale wa baraza ilikuwa rahisi, kwa sababu sikuwa na hofu ya kuwaumiza. Nilidhani nikikuandikia jambo la gari utakuwa na kitu cha kushika. Sasa naona ni mimi niliyekuwa nakishika.

Uamuzi wa baraza nilipoupata nilingoja nione nafuu. Nilisubiri siku nzima, nikaenda kununua rangi ya uzio, nikarudi. Haikuja nafuu yoyote. Nilikuwa nimelipata jambo nililolitaka kwa miaka mitatu, na jioni nilikaa nikala viazi kama jana yake.

Basi nikaandika gerezani kuomba kumwona. Inabidi mfungwa mwenyewe akubali jina lako. Alikubali. Nilivuka daraja Alhamisi ya juma lililopita, nikalala kwenye nyumba ya wageni ya njiani, na Ijumaa nikaenda. Wewe huenda Jumamosi, na sikutaka tukutane mlangoni. Nikarudi bila kuja kwako. Ulikuwa woga, usitafute jina jingine.

Ni mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na nywele zimeanza kumtoka, kijana mdogo vile. Aliniamkia kwanza. Akasema, "Wewe ni mjomba." Nikasema ndiye. Akasema, "Mama Aune aliniambia ukija siku moja utaniuliza mambo ya gari."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kuanzia Ypsilanti. Mengine yalikuwa makali sana. Nilipomtazama yakanitoka yote, likabaki moja, na kweli lilikuwa la gari. Nikamuuliza, "Ulizizima?"

Alielewa hapo hapo. Akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Theluji ilikuwa nzito, barabara haionekani. Niliogopa wanaokuja watatupita bila kutuona. Hapakuwa na mwanga mwingine ila zile taa. Lakini yeye zilikuwa zinamsumbua, alikuwa anataka kuinuka akazizime. Nikanyanyuka, nikaenda mpaka mlangoni mwa pikapu, nikarudi, nikamwambia nimezima. Uso wake ulielekea msituni, hakuweza kuona. Akasema sawa. Akatulia. Akalaza kichwa hapa." Akagusa mkono wake, juu ya kiwiko.

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia wewe hayo. Akasema, "Kwa sababu nilimdanganya. Nilimdanganya mtu anayekufa. Sikutaka mama yake ajue kwamba hilo ndilo la mwisho alilosikia kwangu."

Aune, mimi ni mtu niliyeishi kwa kupima. Ningeweza kumwambia kwamba taa za pikapu ile, injini imezimika, zingewaka saa kadhaa kabla betri haijachoka. Ningeweza kumwambia pia kwamba asingekunywa siku ile, asingekuwa na haja ya kumdanganya mtu. Vyote ni kweli. Nilichomwambia ni kwamba alifanya vyema. Nilimwambia angezima, mimi ningemwona mpumbavu, na Kalle mwenyewe angekuwa na akili zake zote angemwambia aziache. Akaweka uso mezani. Askari akamwambia akae wima, nikamwambia yule askari, "Mwache kidogo." Akamwacha.

Sijamsamehe. Sikumwambia nimemsamehe, naye hakuniomba. Nikimfikiria nyuma ya usukani, mikono yangu bado inakunja ngumi. Lakini sitawaandikia tena baraza. Wakinipa taarifa nitaiweka, na wewe utasema utakavyosema bila mimi kukaa upande wa pili.

Nilipotoka sikuondoka mara moja. Nilikaa garini kwenye maegesho, nikafikiria kwamba Kalle hakufa akiwa na wasiwasi. Alikufa akijua taa zimezimwa. Nikalia, Aune, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, na mazishini nililia kwa ajili yako zaidi. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili aligonga kioo akaniuliza, "Babu, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nimefiwa. Akaniuliza lini. Nikamwambia sasa hivi.

Jina la gereji lilikuwa Hiltunen na Mjomba. Aliliandika kwa chaki kwenye mlango wa banda langu la magari. Sijalifuta, na nimelipiga picha ili uone mwandiko wake. Kuna mengine mengi, ya mayai, ya basi, ya msichana wa Toledo ambaye Kalle aliniapisha nisikuambie habari zake. Kiapo hicho nimekihifadhi vya kutosha.

Naanza safari Ijumaa ya kwanza ya Juni na nitafika usiku, kwa hiyo acha mlango wa nyuma wazi, na usinisubiri kwa chakula. Jumamosi asubuhi tutakwenda kwa gari lako. Nitaendesha mimi kwenda, wewe utaendesha kurudi, na njia ni ndefu ya kutosha kwa hadithi ya Toledo. Usiondoke bila mimi.

Kakako,
Reino